Kusimamia Vihatarishi Katika Miradi ya Ubia ya Halmashauri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yamekusanywa katika vikao vya madiwani, mafunzo ya watendaji na mazungumzo na wafanyabiashara wa masoko na stendi katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Mradi wa ubia unatofautianaje na zabuni ya kawaida ya ujenzi au mkopo wa benki?

Katika zabuni ya kawaida, halmashauri humlipa mkandarasi kwa hati za madai, hupokea jengo, na baada ya kipindi cha matazamio kila tatizo la jengo hilo ni lake. Katika mkopo, halmashauri hukopa kwa idhini ya Waziri, hujenga, kisha huanza kurejesha, hata kama soko lililojengwa halijapata mpangaji hata mmoja.

Katika ubia, ambao maofisini wengi huuita PPP, mbia kutoka sekta binafsi hutafuta fedha zote au sehemu yake, hujenga, huendesha huduma kwa miaka iliyokubaliwa na kurudisha fedha zake kutokana na pango, tozo au malipo ya halmashauri, kisha hukabidhi mali. Tofauti kubwa iko kwenye muda na kwenye mgawanyo wa hatari: pande mbili hukaa pamoja miaka 15, 20 au zaidi, na kila jambo linaloweza kuharibika katika muda huo lazima liwe limepewa mwenyewe kwenye mkataba.

2. "Kihatarishi" maana yake nini katika mradi wa namna hii?

Ni tukio au hali ambayo haijatokea, na ambayo ikitokea itaongeza gharama, itachelewesha kazi, itapunguza mapato au itashusha ubora wa huduma. Bei ya saruji kupanda ni kihatarishi. Mgogoro wa mpaka wa kiwanja ni kihatarishi pia, na vivyo hivyo mabasi kukataa kuingia stendi mpya. Lililokwisha kutokea ni tatizo, nalo husimamiwa kwa namna nyingine. Watendaji wengi huandika matatizo ya jana kwenye daftari la vihatarishi, na kwa hiyo daftari haliwasaidii kuona ya kesho.

3. Ni sheria zipi zinazohusika?

Msingi ni Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Sura ya 103, iliyotungwa mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2014, 2018 na 2023, pamoja na kanuni zake. Kituo cha Ubia, PPPC, ndicho chenye jukumu la kuratibu na kushauri. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Sheria za ardhi za mwaka 1999. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Na sheria za ununuzi wa umma. Mwanasheria wa halmashauri anapaswa kuwa na matoleo yaliyorekebishwa, kwa kuwa nakala ya mwaka 2010 peke yake humpotosha anayeitegemea.

4. Je, kuingia ubia si ndiyo njia ya halmashauri kuondokana na hatari?

Swali hili huulizwa na madiwani karibu katika kila kikao, na jibu linahitaji uangalifu. Ubia huhamisha baadhi ya hatari kwenda kwa mbia, lakini wajibu wa kuwapa wananchi huduma haihamishi. Mbia akifilisika, wananchi wa Mwanjelwa jijini Mbeya au Ipogolo mjini Iringa hawataenda kumdai yeye choo cha soko; watamwendea diwani wao. Kwa sababu hiyo, hatari ambayo mkataba haukuitaja, au iliyopewa mtu asiyeweza kuibeba, mwisho wake huirudia halmashauri, tena ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa mwanzo.

## Nani abebe nini

5. Kanuni ya kugawa vihatarishi ni ipi?

Kila kihatarishi apewe yule mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kukizuia kisitokee, au, kama hakizuiliki, yule anayeweza kustahimili madhara yake kwa gharama ndogo. Usanifu, ujenzi, ubora wa vifaa na uendeshaji wa kila siku humfaa mbia, kwa sababu yeye ndiye anayechagua fundi na ndiye atakayeishi na jengo. Upatikanaji wa ardhi, fidia, sheria ndogo za halmashauri na vibali vilivyo mikononi mwake huifaa halmashauri. Idadi ya wateja, kupanda kwa bei na majanga ya asili kwa kawaida hugawanywa.

6. Kwa nini tusimbebeshe mbia kila kitu, kwa kuwa yeye ndiye anayepata faida?

Kwa sababu hatatubebea bure. Mbia makini akipewa hatari asiyoweza kuidhibiti, ataiwekea bei: ataomba miaka 30 badala ya 18, au pango la juu kuliko mkungu wa ndizi unavyoweza kulipa. Mbia asiye makini atakubali bila kuhesabu, kisha atakwama katikati ya ujenzi na kurudi mezani akitaka mkataba ufunguliwe upya wakati halmashauri haina tena pa kukimbilia. Kati ya hao wawili, wa pili ni hatari zaidi, ingawa siku ya kufungua zabuni ndiye anayeonekana mzuri.

7. Mvua ni kihatarishi cha nani?

Katika mikoa yetu swali hili si dogo. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Anayesaini mkataba Septemba bila kujua kwamba Januari kutanyesha hajafanya kazi yake.

Nilifika wakati mmoja, mwezi wa Februari, kwenye eneo la ujenzi wa stendi ya halmashauri fulani. Mashimo ya nguzo yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, pampu moja ya dizeli ilikuwa ikinguruma, na mafundi walikuwa wamejikunyata chini ya turubai wakichoma mahindi. Mezani kwa msimamizi kulikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa ya kuomba siku 60 za nyongeza kwa sababu ya "mvua zisizotarajiwa". Mkataba ulitaja "hali mbaya ya hewa" bila kuieleza, halmashauri ikakosa hoja ya kukataa, na tarehe ya kuanza kupokea gawio la mapato ikasogea na siku zile.

Dawa yake ni kuandika wazi kwamba mvua za kawaida za msimu ni juu ya mbia, na kwamba nyongeza ya muda itatolewa tu pale kiasi cha mvua, kwa takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania za kituo kilichotajwa, kitakapozidi kiwango kilichokubaliwa. Maporomoko ya ardhi na mafuriko makubwa yana nafasi yake kwenye kifungu cha matukio yasiyozuilika.

8. Halmashauri iliahidi barabara, maji na umeme hadi kwenye mradi. Kuna hatari gani?

Hatari kubwa, kwa sababu kwa kawaida halmashauri inaahidi kitu kisicho mikononi mwake. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zimekuwa chini ya TARURA. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Maji yako kwa mamlaka ya maji ya mji au, vijijini, kwa wakala wa RUWASA. Na umeme uko kwa TANESCO. Kila mmoja ana bajeti na vipaumbele vyake. Mbia akimaliza soko na barabara ya kuingilia ikabaki tope, atadai fidia kwa halmashauri iliyosaini, wala si kwa wakala.

Ahadi ya namna hii isitiwe mkatabani mpaka kuwe na barua ya wakala husika inayotaja mwaka wa fedha na chanzo cha fedha. Barua hiyo isipopatikana, ni salama zaidi kuziweka mita mia chache za barabara ndani ya kazi za mbia na kupunguza gharama yake kwenye gawio la halmashauri la miaka ya mwanzo.

9. Daftari la vihatarishi linapaswa kuonekanaje?

Liwe fupi kiasi cha kusomeka katika kikao kimoja, na mahsusi kiasi cha kumfanya msomaji aone mahali penyewe. Maneno kama "hatari ya mazingira: ya kati" hayamsaidii mtu.

Tazama mstari mmoja ulioandikwa vizuri: maji ya mvua kutoka barabara kuu huingia uwanja wa stendi kupitia kalvati la upande wa juu, uwezekano wa kutokea ni mkubwa kati ya Desemba na Machi, madhara yake ni kufungwa kwa geti la mabasi na kuharibika kwa lami ya ndani, mifereji ya ndani ni juu ya mbia, na mfereji wa nje ni juu ya halmashauri kwa makubaliano na TANROADS, hatua ya kuchukua ni kuzibua kalvati kabla ya tarehe 15 Novemba kila mwaka, mfuatiliaji ni mhandisi wa halmashauri. Mstari huo unamfanya mtu mmoja, anayejulikana kwa cheo, awe na kazi ya kufanya kabla ya tarehe inayojulikana. Mistari 20 ya namna hiyo inatosha mradi wa soko.

## Mapato na fedha

10. Makisio ya wateja yanakosewa wapi zaidi?

Hukosewa pale mtaalamu anapohesabu magari yanayopita badala ya magari yanayosimama. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapitisha malori na mabasi mengi mno kupitia Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya na Tunduma, na kila halmashauri iliyo kandokando yake huona utajiri ukipita. Lakini dereva husimama kwa sababu zake, na sababu hizo hubadilika.

Maegesho ya malori ya Tunduma ni mfano. Mahitaji ya kulaza magari hutegemea sana urefu wa foleni mpakani, na kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019 kilikusudiwa kuifupisha foleni hiyo. Mradi uliokokotoa kwamba kila lori litalala siku tatu ulikuwa ukitegemea, pasipo kujua, kwamba Serikali itashindwa katika lengo lake yenyewe. Vivyo hivyo, mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, mtiririko wa abiria ulibadilika, na pamoja nao mahesabu ya vyumba vya kulala, migahawa na fremu zinazotegemea abiria wa asubuhi.

Kwa hiyo upembuzi yakinifu uwe na makisio angalau matatu, na lile la chini litokane na swali hili: ni uamuzi gani wa Serikali, ambao tayari umetangazwa au unajadiliwa, unaoweza kutupunguzia wateja?

11. Mwekezaji anataka tumhakikishie mapato ya chini. Tukubali?

Kwanza tuone ukubwa wa ahadi hiyo kwa mfano wa kubuni. Soko lina vizimba 400, kila kimoja kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Makisio yanasema vizimba 340 vitapangishwa, yaani shilingi 122,400,000 kwa mwaka. Soko linafunguliwa, na wanaopanga ni 220. Mapato yanakuwa shilingi 79,200,000. Kama halmashauri ilihakikisha makisio yote, inadaiwa shilingi 43,200,000 kila mwaka, kutoka mapato yale yale ya ndani yanayomalizia zahanati na kulipa posho za vikao.

Dhamana ya namna hiyo ni deni, hata kama haionekani kwenye vitabu leo, na linapaswa kutajwa kwa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kwa jina hilo. Halmashauri haiwezi pia kutoa dhamana kwa niaba ya Serikali Kuu. Hilo lina sheria yake na liko chini ya Waziri wa Fedha.

Panapokuwa na sababu ya kweli ya kumsaidia mbia, kuna njia nyepesi zaidi: kupokea gawio dogo miaka mitatu ya mwanzo, kurefusha mkataba kwa miezi iliyohesabiwa iwapo mapato yatashuka chini ya kiwango fulani, au kujenga kwa awamu, vizimba 200 kwanza. Mimi napendelea njia ya awamu kuliko zote, kwa kuwa inawapa wafanyabiashara wenyewe nafasi ya kusema kama soko linahitajika. Kama halmashauri inalazimika kuhakikisha kitu, iwe sehemu tu ya gharama za mkopo, kwa miaka michache, na kwa sharti kwamba mapato yakizidi makisio nayo yagawanywe.

12. Mbia amekopa kwa dola. Linatuhusu?

Linahusu kwa njia ya mzunguko. Muuza vitunguu analipa kwa shilingi, na shilingi hiyo ikishuka thamani mkopo wa dola hukua bila mapato kukua. Mwaka 2023 dola ilianza ikiuzwa karibu shilingi 2,300 na kumaliza mwaka karibu 2,500, tena ikiwa adimu. Tofauti hiyo inatosha kula faida yote ya mradi mdogo. Kwa masoko, stendi, machinjio na maegesho, sharti la kukopa na kutoza kwa shilingi ni la busara, na kifungu chochote kinachofunga pango la fremu na bei ya dola kikataliwe.

13. Tunapokea 50,000 kwa fremu, lakini mpangaji wa ndani analipa 250,000. Hatari hii ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye mikataba ya zamani ya "jenga, tumia, rejesha", ambamo mfanyabiashara mmoja mmoja alijenga fremu kwenye kiwanja cha halmashauri, akapewa pango dogo ili arudishe gharama zake, na hakuna aliyeandika gharama hizo zilikuwa kiasi gani wala lini zingekuwa zimerudi. Miaka imepita, aliyejenga amehamia kwenye biashara nyingine, fremu ameipangisha, na halmashauri ikipandisha pango anayeumia ni mpangaji wa pili.

Mkataba mpya wa ubia uzuie jambo hili tangu mwanzo: gharama za ujenzi zihakikiwe na mhandisi na zitiwe mkatabani kama kiambatisho, mbia awasilishe orodha ya wapangaji na viwango vyao kila robo mwaka, malipo yote yapite kwenye mfumo wa kielektroniki ambao mweka hazina anauona, na upangishaji wa pili ukatazwe au uidhinishwe kwa maandishi. Kwa fremu za zamani, nawashauri wakurugenzi wasianze na kufuli. Uhakiki wa nani yumo ndani ya kila fremu, ukifanywa mlango kwa mlango kwa wiki mbili, huonyesha nani wa kuzungumza naye.

## Ardhi na watu

14. Ni mambo gani ya ardhi yahakikiwe kabla ya kutangaza mradi?

Hati ya kiwanja iwepo, na matumizi yaliyoandikwa yalingane na mradi. Kama ardhi ni ya kijiji, utaratibu wa kuihaulisha, yaani kuitoa kwenye ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ufuatwe kwanza, ukiwemo mkutano mkuu wa kijiji. Fidia iwe imelipwa, kwa kuwa ikichelewa zaidi ya miezi sita riba huanza kuhesabiwa, na kiasi kilichopitishwa na Baraza la Madiwani hakitoshi tena.

Jambo linalosahaulika zaidi huku kwetu ni hifadhi ya barabara. Chini ya sheria ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Stendi au safu ya fremu iliyopangwa kutazama barabara kuu inaweza kuwa na mita kadhaa zisizo zake, na upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi jijini Mbeya umewakumbusha wengi kwamba mita hizo siku moja huhitajika. Mpima ardhi aende na futi kabla mchoro haujachorwa.

15. Wafanyabiashara waliopo wanaogopa kwamba hawatarudi kwenye soko jipya. Tufanyeje?

Hofu yao ina msingi, na ikipuuzwa huwa kihatarishi kikubwa kuliko saruji. Mama anayeuza viazi na njegere kwenye meza moja kwa miaka kumi amejenga wateja, na kumhamisha miezi 18 bila orodha, bila picha na bila namba ni kumnyang'anya mtaji wake.

Orodha ya waliopo ihakikiwe na kubandikwa hadharani kabla ya ubomoaji, ikiwa na jina, namba ya meza na aina ya biashara. Haki ya kwanza ya kurudi iandikwe ndani ya mkataba wa mbia, pamoja na kikomo cha pango kwa miaka miwili ya mwanzo. Eneo la muda liwe karibu na njia ya wateja. Katika mji mmoja niliofanyia kazi, wafanyabiashara walipelekwa eneo la muda lililokuwa upande wa pili wa bonde, lisilo na daladala. Ndani ya mwezi walikuwa wamerudi kupanga bidhaa kandokando ya barabara, na soko jipya lilipofunguliwa wateja walikuwa wamekwisha kuzoea kununua huko nje.

## Kusaini na kusimamia

16. Mwekezaji amekuja mwenyewe na mchoro mzuri. Tunaweza kumpa mradi?

Sheria ina utaratibu wa mapendekezo ambayo Serikali haikuyaomba, na utaratibu huo ufuatwe hatua kwa hatua kwa ushauri wa Kituo cha Ubia. Kihatarishi chake ni kwamba mchoro huja pamoja na makisio ya mleta mchoro, na halmashauri isiyo na upembuzi wake hujadiliana kwa kutumia hesabu za mtu wa upande wa pili. Tafuta kwanza taarifa za fedha za kampuni zilizokaguliwa, miradi aliyowahi kuendesha, na uthibitisho wa benki kuhusu fedha.

17. Mkurugenzi na mwanasheria wakihama, nani ataukumbuka mkataba?

Hiki, kwa maoni yangu, ndicho kihatarishi kisichothaminiwa kuliko vyote. Mkataba wa miaka 20 unapitia mabaraza ya madiwani manne au zaidi na wakurugenzi wengi kuliko hapo. Nimeona ofisi ambamo nakala pekee iliyosainiwa ilikuwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulihama na mtumishi, na halmashauri ikalazimika kumwomba mbia nakala ya mkataba ule ule iliotaka kuutumia kumdai.

Teua msimamizi wa mkataba kwa cheo, si kwa jina. Nakala ziwe masjala, kwa mwanasheria, kwa mkaguzi wa ndani na kwenye mfumo wa kielektroniki. Andaa muhtasari wa kurasa tatu, kwa Kiswahili, unaotaja tarehe za malipo, dhamana zinazoisha na wajibu wa kila upande, na uwe sehemu ya hati za makabidhiano ya ofisi. Taarifa ya mkataba iende kwenye baraza kila robo mwaka hata pasipo na mgogoro. Hilo litasaidia pia siku Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atakapouliza.

18. Mbia amekiuka mkataba. Tumfungie?

Haki ya kusitisha mkataba ipo, lakini namna ya kusitisha ina gharama yake. Mkataba wa maji wa Dar es Salaam wa mwaka 2003 kati ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo, na kampuni binafsi ya City Water, uliokusudiwa kudumu miaka 10, ulivunjwa mwaka 2005. Kampuni ilikuwa imeshindwa kufikia malengo yake na ilikusanya mapato pungufu kuliko shirika lililoitangulia. Hata hivyo, katika uamuzi wa mwaka 2008, baraza la usuluhishi la kimataifa lilikuta kwamba baadhi ya hatua za Serikali katika kuichukua huduma zilikiuka mkataba wa kulinda vitega uchumi, ingawa halikuamuru fidia kwa kuwa hasara ya kampuni ilikuwa imetokana na kushindwa kwake yenyewe.

Kwa halmashauri, funzo ni la utaratibu. Toa notisi ya maandishi inayotaja kifungu kilichokiukwa. Toa muda wa kurekebisha. Wajulishe wakopeshaji wake, ambao mara nyingi watapendelea kuleta mwendeshaji mwingine kuliko kupoteza fedha. Shirikisha Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali mapema. Dhamana ya utendaji ya benki idaiwe kabla haijaisha muda. Matamko ya jukwaani na kufuli la getini vije mwisho, kama vitahitajika kabisa.

19. Sera ya Serikali ikibadilika na mapato yakashuka, nani abebe?

Hutokea. Kodi ya majengo ilitoka kwa halmashauri kwenda TRA mwaka 2016. Mwaka uliofuata ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Na mwishoni mwa mwaka 2018 vitambulisho vya shilingi 20,000 vya wajasiriamali wadogo viliwaondolea wenye navyo tozo nyingi za kila siku. Maamuzi hayo yalikuwa na sababu zake, lakini mradi uliojengwa juu ya ushuru wa siku ungeyumba.

Mkataba utenganishe mabadiliko ya sheria yanayogusa kila biashara, ambayo mbia huyabeba kama wafanyabiashara wengine, na yale yanayougusa mradi huo hasa, ambayo hufungua mazungumzo ya kurefusha muda au kurekebisha gawio. Sheria ndogo za halmashauri yenyewe ni juu ya halmashauri.

## Hali zisizo za kawaida

20. Soko likiungua?

Mwanjelwa iliungua mwaka 2006, na Kariakoo mwaka 2021, kwa hiyo hakuna anayeweza kuliita jambo la kufikirika. Jengo likatiwe bima na mbia, halmashauri ikitajwa kwenye hati kama mnufaika mwenza, na risiti ya malipo ya kila mwaka iwasilishwe kwa mweka hazina siku 30 kabla ya bima ya zamani kuisha. Mkataba useme fedha za bima zitajenga upya kwanza kabla ya kulipa mkopo wowote. Bima ya jengo haigusi bidhaa za wapangaji. Waelezwe hilo mapema, kwa sauti, kwenye mkutano.

21. Mbia wetu ni mfanyabiashara wa hapa hapa. Akifariki?

Mkataba uliosainiwa na mtu binafsi huingia kwenye mirathi, na ndugu wanaweza kuvutana miaka mingi huku paa la machinjio likivuja. Ndiyo maana hata mradi mdogo usainiwe na kampuni iliyoundwa kwa ajili yake, na uhamishaji wa hisa nyingi uhitaji ridhaa ya halmashauri.

22. Wilaya au mkoa ukigawanywa?

Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, na halmashauri nazo hugawanyika. Mkataba utaje "halmashauri na mrithi wake kisheria", na siku ya mgawanyo, mradi, madeni na dhamana zake viorodheshwe pamoja katika hati ya kugawana mali na madeni. Wakati wa kugawana, kila upande huikumbuka mali. Madeni yanahitaji kuandikwa.

23. Mwishoni mwa mkataba, tutajuaje kwamba hatukabidhiwi gofu?

Mbia hana sababu ya kupaka rangi jengo analoliacha kesho. Ukaguzi wa hali ya jengo ufanyike miaka mitatu kabla ya mwisho na urudiwe kila mwaka, kwa kutumia orodha iliyotiwa mkatabani siku ya kwanza: paa, mabomba, nyaya za umeme, mashimo ya majitaka, lami. Sehemu ya mapato ya miaka hiyo mitatu iwekwe kwenye akaunti ya pamoja, na mbia arudishiwe baada ya matengenezo kukamilika. Orodha ya wapangaji iliyotajwa kwenye swali la 13 ikabidhiwe pamoja na funguo, ili halmashauri ijue, siku inapoingia, nani yumo katika kila fremu na analipa kiasi gani.